Folda Iliyofanyiwa Umuganda

Siku Ingrid alipokutana na Gakwaya, duka la kuchapisha la katikati ya mji lilikuwa limejaa kama bweni siku ya kufungua shule. Mashine mbili zilitema karatasi, ya tatu ililala kifuniko wazi kama mgonjwa anayemsubiri daktari, na kila mtu kwenye foleni alikuwa na haraka isiyomsaidia kitu. Ingrid alisimama mbele kabisa, gauni la kitenge cha njano, penseli imechomekwa kwenye nywele, akiitazama flashi yake kwa jicho la hakimu.

"Haifunguki," alisema mwenye duka.

"Jana ilifunguka."

"Jana ilikuwa kavu, dada."

Ilikuwa kweli. Flashi ile, pamoja na michoro yote ya mishanana, zile nguo za kufunga begani ambazo bila hizo harusi ya Kigali haijaanza, ilikuwa imesahaulika mfukoni mwa suruali, ikafuliwa, ikasuuzwa na kuanikwa kwa heshima zote.

Nyuma yake mtu alicheka. Alikuwa kijana mrefu, kamera begani, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likaogopa kukunjamana.

"Pole sana, dada. Angalau sasa inanukia sabuni."

Ingrid aligeuka polepole. "Na wewe ni nani?"

"Gakwaya. Napiga picha za harusi. Faili zangu sizitembezi mfukoni, naziweka kwenye wingu. Hata nikitumbukia mtoni na simu yangu, zenyewe ziko salama."

"Basi tumbukia tuone."

Mwenye duka alicheka mpaka akachapisha cheti cha mtu mara mbili.

Gakwaya alikuwa amekulia Bukoba, na Kinyarwanda chake kilichechemea. Ingrid alikuwa amekulia Bujumbura, na Kiswahili chake kilitembea kwa madaha. Kwa hiyo walichumbiana kwa Kiswahili, kwa sababu kila Gakwaya alipojaribu Kinyarwanda, Ingrid alicheka badala ya kupendwa.

Gakwaya alimfundisha wingu kwa uzito wa kasisi anayefundisha katekisimu. Folda hii ya michoro, ile ya picha. Faili moja, watu wawili, kila mmoja na simu yake, wote wanaandika palepale. Alimpiga picha akiwa amevaa kila vazi alilolishona kabla mteja hajalichukua, akazipandisha zote kwenye folda ya Ingrid. Kisha akamshauri azifute kwenye simu, kwa maana simu ilikuwa imeshiba hadi ikakataa kupokea hata salamu. Yeye mwenyewe alisafisha kadi ya kamera ili apige harusi nyingine. Mambo yote mawili aliyafanya kwa kujiamini sana, na Mungu alikuwa anamwangalia.

Tatizo la kwanza lilikuwa Ingrid kufunga milango.

"Mpenzi," Gakwaya alimpigia simu, "wingu limeniambia tena niombe ruhusa."

"Basi omba."

"Nimeomba. Umenikatalia."

"Nilikuwa nakata kitambaa. Kidole kiliteleza."

"Kidole kimeteleza mara ngapi wiki hii? Mapenzi gani haya ya kuomba ruhusa kila faili? Mimi ni mchumba au ni mgeni wa serikali?"

"Chéri, kwenye mlango wangu hata mimi mwenyewe napiga hodi."

Mwishowe alichoka, akampa mamlaka yote ya folda. Gakwaya alimshukuru kwa maneno matamu, na alipokata simu akaifungua folda kwa yeyote mwenye linki, ili aingie kutoka kompyuta yoyote bila usumbufu. Hakumwambia. Aliona ni jambo dogo. Kabla ya kuzama, merikebu nyingi huwa na tundu dogo.

Ndani ya folda kulikuwa na faili moja iliyoitwa "Majina ya nguo", na pembeni mwake, pale pa kuweka maoni, ndipo wawili hawa walipopendana hasa.

"Hili la njano tuliite Asubuhi," Ingrid aliandika.

"Liitwe Ingrid Amekasirika," Gakwaya alijibu.

"Basi yote yataitwa hivyo."

Halafu jioni moja, chini ya vazi la mwisho, Ingrid aliandika: "Kila kitu chetu kinaitwa rasimu. Na mimi utaniposa lini, au nami ni rasimu?"

Gakwaya alilisoma swali lile, akaandika jibu, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta pia. Mtu aliyejaliwa mzaha kwa kila jambo alikuwa amekutana na jambo lisilotaka mzaha. Majuma yalipita. Swali lilibaki pale pembeni, linasubiri.

Ingrid hakulirudia, kwa kuwa alikuwa na jambo jingine la kumkosesha usingizi. Madame Illuminée, mwenye duka la mavazi Brussels, alikuwa amekubali kuzitazama nguo zake kwa simu ya video. Akizipenda, Ingrid angeweka jina lake mwenyewe kwenye lebo. Akizikataa, angefunga kibanda chake cha kushonea mtaani Nyakabanda na kurudi kushona sare za shule kwenye karakana ya mtu mwingine. Madame alichagua Jumamosi. Alikuwa ameishi Ulaya muda mrefu hata akasahau Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku gani.

Ni siku ya umuganda. Maduka hufungwa, magari hutulia, na jiji zima hushika majembe kusafisha mitaa yake.

Kule Kibagabaga, mtaani kwa Gakwaya, kazi ilikuwa kuzibua mtaro. Gakwaya, ambaye mtaa ulimchagua katibu kwa sababu ana simu nzuri, alitakiwa kukusanya picha za kazi. Asubuhi hiyo, mguu mmoja ndani ya buti na mwingine nje, aliandika kwenye kundi la mtaa: "Ndugu majirani, picha za umuganda ziwekwe kwenye folda hii. Zisizohusika mziondoe, ibaki safi." Akabandika linki. Kisha akalivua koti lenye simu, akalitundika uani, akashuka mtaroni.

Linki aliyobandika ilikuwa ya Ingrid.

Majirani walifungua folda, wakakuta imejaa msichana mrembo amevaa mavazi ya harusi. Watu wengine wangeshangaa na kuuliza. Lakini hawa walikuwa watu wa umuganda, na wameambiwa isafishwe. Waliegemea majembe yao, wakaisafisha.

Ingrid naye alifagia mtaa wake wa Nyakabanda, akakimbia kibandani muda wa simu ukiwa umeshafika. Hakuwa na nafasi ya kubadilisha kila kitu. Alijifunga umushanana wa rangi ya zabibu begani, akavaa hereni, akapaka midomo rangi, na chini akabaki na mabuti yenye tope, kwa kuwa Brussels ingemwona hadi kiunoni tu.

"Karibu, Madame. Sasa nafungua picha."

Akafungua. Picha ya kwanza ilikuwa mtaro. Ya pili, mtaro uleule kwa karibu. Ya tatu, mzee mwenye beleshi amesimama wima kama mnara wa ukumbusho.

"Na hili vazi linaitwaje?" aliuliza Madame Illuminée.

"Samahani, Madame, mtandao..." Alirudi nyuma, akasonga mbele. Toroli. Ndoo. Mtaro baada ya kuzibuliwa. Akafungua "Majina ya nguo" angalau amsomee, na mbele ya macho yao wote wawili, pembeni, chini ya swali lake, majibu kutoka Kibagabaga yalikuwa yanaongezeka.

"Kweli, lini?" aliandika Mama Yasmina.

"Swali ni la msingi," aliandika Mugenzi.

Mtu aitwaye Keith aliweka kidole gumba.

"Mademoiselle," alisema Madame Illuminée, "wewe ni mshonaji au mkandarasi? Nitafunga duka saa moja jioni. Kama una nguo, nizione kabla ya hapo. Kama huna, usinipotezee muda."

Ingrid alimpigia Gakwaya. Simu iliita ndani ya koti. Akapiga tena, na tena. Koti halikujibu.

Huko Kibagabaga mtaro ulikuwa umekwisha na watu wamekaa kwenye nyasi kwa mkutano unaofuata kazi. Mzee Mugenzi, mkuu wa mtaa, aliyewahi kuwa mwalimu mkuu na hajawahi kukubali kwamba ameacha, alimaliza habari za usalama na za bima ya afya, akakohoa.

"Mengineyo. Gakwaya, simama."

Gakwaya alisimama, tope hadi magotini.

"Umeulizwa swali, na hujajibu."

"Swali gani, muzee?"

"La uchumba."

"Lile la pembeni," alisaidia Mama Yasmina, mzaliwa wa Nyamirambo ambaye Kiswahili kwake ni maziwa ya mama. "Nimewatafsiria wote. Waliokuwa mwisho wa mtaro nimewatumia kwa sauti."

Gakwaya alikimbilia koti lake. Alipoona mara zote alizopigiwa simu, akaifungua folda ya Ingrid, akakuta mtaro.

"Picha za nguo ziko wapi?"

"Tumeziondoa. Si uliandika zisizohusika ziondolewe?"

"Hata yule msichana wa gauni la njano?"

"Huyo hasa," alisema Mzee Mugenzi. "Hakuwa na jembe."

Gakwaya alipiga simu. Ingrid alipokea bila salamu.

"Ingrid, mpenzi, sikiliza..."

"Nimesikiliza mtaro mzima, Gakwaya. Nilikupa funguo zangu, wewe ukaacha mlango wazi na hukuniambia. Na lile swali nilikuuliza wewe. Mzee wa mtaa wako amejibu. Mama Yasmina amejibu. Keith simjui, amejibu. Umebaki wewe tu."

"Nisamehe, nili..."

"Kwa heri."

Pikipiki zilikuwa zimeanza kutembea. Gakwaya alivaa kofia ya abiria iliyomzidi kichwa, akavuka jiji na tope lake lote, dereva akinung'unika kuhusu kiti chake. Mlangoni Nyakabanda alisimama.

"Hodi."

Mlango haukufunguka.

"Nimesema hodi."

"Nimesikia. Siku hizi unapiga hodi?"

Alimkuta ameketi mbele ya kompyuta, hereni masikioni, umushanana begani, mabuti miguuni. Angecheka siku nyingine. Alivua kofia.

"Nilibandika linki vibaya. Hilo ni la bahati mbaya. Lakini kuacha folda wazi hakukuwa bahati mbaya, Ingrid, nilifanya kwa makusudi, kwa uvivu. Niache nizitafute."

"Nimetafuta kwenye pipa la taka. Hamna."

Alitafuta naye. Hamna kweli. Mtandao ulizunguka, ukasimama, ukazunguka. Kompyuta ikachagua dakika hiyo kutangaza kwamba inataka kujisasisha. Ingrid aliinuka, akaanza kukunja vitambaa na kuvipanga sandukuni, kimoja kimoja, kama mtu anayehama. Gakwaya aliona vile vitambaa.

Kisha akaacha kutafuta kwenye folda ya Ingrid, akafungua ya kwake mwenyewe, ile aliyotupia kila kitu ovyo. Pale, katikati ya risiti na picha za harusi za watu, palikuwa na gauni la njano. Na la zabibu. Na yote.

"Ingrid. Njoo uone."

Alikuja, kitambaa mkononi.

"Nilizipandisha mimi, kwa hiyo mwenyewe ni mimi. Asiye mwenye faili hawezi kuiua, anaweza kuitoa nje tu. Ikitolewa nje, inarudi kwa mwenyewe."

Ingrid alizitazama picha muda mrefu. "Na mtu akitolewa nje?"

"Anapanda pikipiki, anakuja."

Hakutabasamu. Lakini alivuta kiti cha pili.

Walizipanga upya bega kwa bega, yeye akichagua, Gakwaya akitii kila alichoambiwa, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Jua lilipokuwa linaelekea nyuma ya mlima Kigali, zilikwenda Brussels. Wakasubiri. Kisha sauti ya Madame Illuminée ikajaza kibanda:

"Nimeziona. Nitachukua chache za kujaribu, na la njano liwe la kwanza. Weka jina lako kwenye lebo. Na yule mzee mwenye beleshi amebaki mwishoni, mwondoe."

Ingrid alipangusa uso wenye machozi kwa ncha ya umushanana, rangi ya midomo ikabaki hapo. Halafu akavuta kompyuta kwake na kuanza kufunga milango. Akamtoa Keith. Akamtoa Mama Yasmina. Akamtoa Mzee Mugenzi, kwa adabu. Mtaa wote wa Kibagabaga ukatoka nje, na mwisho kabisa akabofya jina moja lililobaki.

Simu ya Gakwaya ikatikisika. "Huna ruhusa ya kuingia. Omba ruhusa."

Alimtazama. Ingrid alikuwa anatunga uzi kwenye sindano kana kwamba hakuna mtu humo ndani. Chini ya maneno yale kulikuwa na nafasi ya kuandika ujumbe kwa mwenye folda. Gakwaya alifuta tope kwenye vidole vyake, akaandika polepole, na safari hii hakufuta hata neno. Kompyuta ikalia.

Ingrid aliinama kusoma.

"Wewe si rasimu. Naomba ruhusa wazee wangu waje kwenu Jumapili baada ya misa, kukuposa. Samahani kwa kuchelewa pembeni."

"Nitafikiria," alisema.

"Mpaka lini?"

"Subiri. Mimi si nilisubiri?"

Alitoboa kitambaa, akavuta uzi, akatoboa tena, mpaka upindo ukafika mwisho. Akafunga fundo na kukata uzi kwa meno. Gakwaya alikuwa bado amesimama, kofia ya pikipiki kwapani, amenyooka kama anasubiri matokeo ya mtihani wa taifa.

Ingrid akanyoosha mkono kwenye kompyuta, palipoandikwa "Ruhusu". Kidole hakikuteleza.