Hodi Kwenye Anwani ya Zamani

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia karakana kwanza. Aliutupa mkoba juu ya kabati, akashika ufagio, akafagia vumbi jeupe la plasta lililotanda chini ya meza ya mama yake. Ukutani ilining'inia miguu ya bandia, mirefu na mifupi, mingine bado haijapakwa rangi. Mgeni angeshtuka. Chiriku aliizoea tangu utotoni, akaisalimia kama majirani. Jina lenyewe alipewa na baba yake kwa sababu ya domo. Mtoto yule alikuwa akisema, ukimnyamazisha ndiyo kwanza anasema!

Lakini mwaka ule maneno yalikuwa yamempungua. Baba yake, fundi aliyeianzisha karakana, alikuwa amefariki. Aproni yake ya ngozi ilikuwa bado nyuma ya mlango, hakuna aliyethubutu kuigusa. Simu ndiyo iliyowaumiza zaidi. Wateja waliipata karakana mtandaoni, kwenye tovuti yenye jina la baba, na kila aliyepiga aliuliza, "Fundi mwenyewe yupo?" Kila mara mama alijibu, "Hatunaye tena. Mimi ni mke wake, na ni fundi pia."

Siku moja uvumilivu ukamwishia.

"Kaka, nimechoka kumzika mume wangu kila asubuhi," alimwambia mjomba wa Chiriku, ambaye kazi yake ilikuwa kompyuta. "Tuhamishe hii tovuti, tuipe anwani mpya."

"Kuhama ni rahisi, dada. Kuhama bila kupotea ndiyo kazi," mjomba alijibu. "Watu wanaijua nyumba ya zamani. Hata mtambo wa kutafutia mtandaoni unaijua, ndiyo maana mtu akiuliza habari za miguu ya bandia unatutaja sisi mwanzo. Tukiondoka kimya kimya, mtu atapiga hodi asipate wa kumjibu. Mtambo nao ukiona hivyo, utatusukuma nyuma ya wote."

"Sasa tufanyeje?"

"Kila ukurasa wa zamani tuuwekee kielekezi: aliyefika hapa apelekwe moja kwa moja kwenye ukurasa wake mpya. Ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka hata mmoja."

Chiriku alikuwa mwepesi wa kompyuta, kwa hiyo mjomba alimfundisha, kisha akamwachia kazi. Alianza kwa furaha. Akauhamisha ukurasa wa magongo, akauwekea kielekezi. Akauhamisha ule wa vipimo, na ule wa kuwaelekeza watu njia. Ndipo akafika kwenye ukurasa ulioitwa "Mtoto anakua, mguu haukui." Huo ndio uliosomwa kuliko zote; hapo baba yake aliwafundisha wazazi namna ya kujua kwamba mguu wa bandia umekuwa mdogo. Alipoufungua tu, sauti ya baba ikatoka: "Karibu. Keti kwanza, mzazi mwenzangu..."

Mungu wangu! Chiriku aliufunga upesi. Macho yakamwendea kwenye aproni nyuma ya mlango. Ilikuwa imetulia. Hakuweza kuufungua tena; akauruka, akamalizia zilizobaki.

"Umemaliza zote?" mjomba aliuliza aliporudi. "Umejaribu kila anwani ya zamani ukaona inakupeleka panapotakiwa?"

"Zote, mjomba."

Mjomba akamwamini. Akaifunga tovuti ya zamani, akaacha vielekezi tu.

Simu ikaanza kunyamaza. Mwanzoni mama alishusha pumzi, maana hakuna aliyemuuliza habari za marehemu. Baadaye ukimya wenyewe ukawa mzigo. Plasta iliganda kwenye gunia. Mama alikaa mikono mapajani, akiitazama simu.

"Pengine mtambo haujaizoea anwani mpya," mjomba alisema. "Tuvute subira."

Chiriku alijua siyo hivyo, na kujua kulimtesa. Alianza kusikia hodi kila mahali. Seremala wa jirani akigonga msumari, ko, ko, ko, yeye alisikia mtu anabisha. Mvua ikilipiga bati, watu wanabisha. Shuleni mwalimu aligonga rula mezani, na Chiriku akaropoka, "Karibu!" Darasa zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Aliwaona wazazi wamejipanga mbele ya nyumba tupu, wakimwita baba yake.

Jioni moja mama alisema kwa sauti ndogo, "Hali ikiendelea hivi, tutafunga karakana." Chiriku akashika ufagio, akafagia mahali palipokuwa safi tayari.

Siku iliyofuata alikuja mama mmoja amemshika mkono mwanawe. Mtoto alichechemea, na mguu wake wa bandia ulikuwa mfupi waziwazi.

"Nimewatafuta hadi nimekata tamaa," mgeni alisema. "Muuguzi alinipa anwani ya ukurasa wenye sauti ya fundi. Nafungua, naambiwa ukurasa haupo. Nikajua mmefunga. Bahati tu, seremala jirani yenu amenielekeza."

Mama yake Chiriku aliuvua mguu ule. Ngozi ya mtoto ilikuwa imechubuka, kidonda kibichi. Mtoto akauma mdomo asilie.

Chiriku ndiye aliyelia. "Mama, ni mimi! Ni mimi niliyewafungia watu mlango!" Akaeleza yote palepale, mbele ya mgeni.

Mama hakufoka. Alikisafisha kidonda, akachukua vipimo vya mguu mpya, akawasindikiza wageni. Kisha akavuta viti viwili mbele ya kompyuta.

"Mjomba wako alihifadhi nakala ya ukurasa ule. Ufungue."

"Naogopa, mama."

"Hata mimi. Ufungue tuogope pamoja."

"Karibu. Keti kwanza, mzazi mwenzangu. Usione haya kuuliza..." Nyuma ya sauti ile, kitoto kikaingilia: "Baba, mguu huu wa nani? Na huu je?" Baba akacheka. "Mniwie radhi, huyo ni Chiriku wangu."

Walilia, wakacheka, wakalia tena. Kisha Chiriku akauhamisha ukurasa pamoja na sauti yake, akauwekea kielekezi, na safari hii akaijaribu anwani ya zamani mbele ya mjomba. Ikawapeleka panapotakiwa.

Mambo hayakunyooka kesho yake. "Mtambo hauna kinyongo, ila hauna haraka," mjomba alisema. Taratibu karakana ikapanda tena, hadi asubuhi moja simu ikalia.

"Fundi yupo?"

"Unaongea naye," mama alijibu. Alipoiweka simu chini, alimgeukia binti yake.

"Mwanangu, kuogopa hakuna ubaya. Ungesema umeshindwa, tungekusaidia. Uliposema umemaliza, ulitufunga mikono sote, na aliyeumia ni mtoto wa watu. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Nimeelewa, mama."

Ko, ko, ko. Chiriku alimtazama mama yake kwa wasiwasi.

"Nami nimesikia," mama alisema. "Nenda."

Mlangoni alisimama yule mtoto, amekuja kuchukua mguu wake mpya.

"Karibu," Chiriku alimwambia. "Keti kwanza."