Mteja Mpya Mara Nne

Kila siku ya kazi, ikifika saa sita na robo mchana, jikoni kwa bibi yangu utani hufungwa kabatini. Wali uko tayari kwenye sufuria mbili, maharage yanatokota, kabichi imekatwa nyembamba kama uzi. Ikigonga saa sita na nusu, mafundi thelathini wa karakana ya samani iliyo mkabala huvuka barabara na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Wakati wa likizo mimi ndiye msimamizi mkuu wa sahani. Nazifuta, nazipanga, nazihesabu. Bwenini wenzangu huniita Waziri, kwa sababu hata nikimwaga chai hutoa tamko rasmi.

Jumamosi nilikuwa na cheo kingine, nacho ni upagazi. Tulipanda basi mpaka supamaketi ya bei nafuu, mimi na Bibi, tukarudi na mizigo. Yeye alibeba mafuta na mboga huku magoti yakimlalamikia. Mimi niliangukiwa na mchele, kilo ishirini, mzigo usio na huruma na bega la mtu.

Likizo hiyo mambo yalikuwa mazito. Zamani kila fundi alijilipia sahani yake, shilingi mia na ishirini. Sasa mwenye karakana alitaka kuwalipia wote kwa mkataba wa mwaka mmoja, na mpishi wa mtaa wa chini alikuwa amekwisha kumtajia mia na kumi na tano. Bibi angeukosa mkataba huo, angebaki na sufuria mbili na watu wa kuwapikia hana.

"Bibi, tuagize mtandaoni," nikamwambia. "Bei ziko wazi kwenye simu, na pikipiki inaleta mpaka mlangoni. Nauli hakuna, kubeba hakuna."

Bibi aliniangalia juu ya miwani. "Mke mwenzangu, unautetea mfuko wangu au bega lako?"

"Vyote viwili."

"Walau umekiri. Haya, jaribu wiki nne, ulinganishe na risiti zangu za supamaketi. Hesabu utakayonipa ndiyo nitakayoingia nayo kwa mwenye karakana. Usiniaibishe."

Wiki ya kwanza niliagiza kwa simu ya Bibi, na ushindi ulikuwa mtamu. Kampuni ilipunguza moja ya tano ya bei na kutuletea bure, kwa kuwa tulikuwa wateja wapya. Wiki ya pili nikafungua simu ile ile, na ofa haikuwepo. Sasa kulikuwa na gharama ya kuletewa, na jumla iliizidi ile ya supamaketi.

Nilikaa juu ya gunia la mchele nikatafakari kwa kina. Kampuni haikumjua mtu kwa sura, ilimjua kwa namba ya simu. Basi wiki hiyo mama yangu akawa mteja mpya bila kujua, alipokuwa anaoga. Wiki ya tatu mteja mpya akawa mjomba. Wiki ya nne ukoo uliniishia, nikamgeukia Fundi Msumari, mkuu wa mafundi, ambaye kila siku huniachia simu yake niichaji jikoni wakati anakula.

Hesabu yangu ilitoka safi kabisa. Kwa kuagiza mtandaoni, Bibi angeweza kuuza sahani kwa mia na tano na bado akabaki na chake.

Siku iliyofuata, mafundi wakiwa katikati ya kula, Bibi alisimama na mwiko mkononi. "Kesho asubuhi natia sahihi mia na tano. Mnamwona huyu? Amefanya kwa wiki nne kazi iliyonishinda miaka tisa. Ni damu yangu."

Mafundi wakagonga meza. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi kwenye kioo.

Ndipo akaingia mke wa Fundi Msumari, ameshika simu ya mumewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chakula."

"Chakula baadaye. Nina swali dogo tu. Mume wangu ana nyumba nyingine mtaa huu?"

Vijiko vyote vikaelekea kwa Fundi Msumari.

"Maana simu yake inamshukuru," akaendelea, "kwa kununua mchele kilo ishirini, maharage kilo kumi na lita tano za mafuta. Kwangu haijafika hata punje."

"Nimemwambia tangu asubuhi sijui lolote," akasema Fundi Msumari. Wali ulikuwa umemkaa shavuni, haushuki.

"Fundi, kumbe una jiko la pili," mmoja akasema.

"Na hatualiki," akajibu mwingine.

Wakacheka. Mke hakucheka. Fundi naye alikuwa anatoka jasho kama mtu anayepiga randa juani.

Nilikuwa na sentensi tayari, imepigwa pasi vizuri: kampuni imekosea namba. Ningeitamka, kila mtu angeniamini. Lakini Bibi alikuwa amesimama mbele yangu, na kwenye mfuko wa aproni yake nikaiona karatasi yangu, imekunjwa mara mbili kama cheti. Angeipeleka kesho. Kisha mimi ningerudi bwenini, naye angepika mwaka mzima akijazia pesa za mfukoni mwake, kila siku, sahani thelathini.

"Mama, mchele ni wetu," nikamwambia mke wa Fundi. "Nilitumia simu yake nipate ofa ya mteja mpya. Nilitumia pia ya mama na ya mjomba. Bibi, ile mia na tano si kweli. Kuanzia wiki ijayo hatuna tena mtu wa kuwa mpya."

Mke wa Fundi alikaa kitini akacheka hadi akajifuta machozi. Fundi akameza wali. Bibi hakucheka wala hakukaripia, jambo lililonitisha zaidi.

"Mwombe radhi Fundi," akasema. "Na mkewe. Leo jioni mama yako na mjomba wako. Ukimaliza, futa meza, lete risiti zote."

Tulikaa mpaka jua likashuka, na safari hii hakuna kilichofichwa. Tuliandika nauli za watu wawili kwenda na kurudi. Tuliandika gharama ya kuletewa. Nikagundua kwamba pakiti ya maharage ya supamaketi, niliyokuwa naihesabu kuwa kilo moja, imeandikwa gramu mia tisa kwa herufi za sisimizi. Kwa upande wa mtandaoni, mara mbili tuliletewa kabichi zilizonyauka, nusu yake tukaitupa, na sikuwa nimeiandika popote.

Jibu halikumpendeza mshabiki wa upande wowote. Mboga, mafuta na chumvi vilikuwa rahisi supamaketi, na mboga Bibi huzichagua kwa mkono wake. Mchele na maharage vilikuwa rahisi mtandaoni, lakini kwa sharti moja: viagizwe mara moja tu kwa mwezi, ili gharama ya kuletewa ilipwe mara moja. Sahani ikatoka mia na kumi na tano, sawasawa na ya mpishi wa mtaa wa chini.

Asubuhi mwenye karakana aliisoma karatasi yetu, akatukodolea macho. "Mama, bei ni moja na ya mwenzako. Kwa nini nikuchukue wewe?"

Bibi akanigusa mgongo. "Mweleze."

Nikamweleza mstari kwa mstari, pamoja na jinsi ile mia na tano ilivyozaliwa na ilivyokufa. Nilipofika kwa Fundi Msumari na jiko lake la pili, mwenye karakana aliweka kalamu chini akacheka. Kisha akaichukua tena.

"Mwenzako alinitajia bei, nilipomuuliza imetokana na nini akakasirika," akasema. "Ninyi mmenionyesha hata mlipokosea. Nikiwakabidhi ninyi mafundi wangu, najua watakula nini." Akatia sahihi.

Tulipotoka, Bibi aliniwekea mkono begani, bega lile lile la mchele.

"Sikiliza," akasema. "Anayelinganisha huku ameshachagua mshindi halinganishi, anashabikia. Andika kila kitu, hata kile kinachokukosesha ushindi. Hesabu ya kweli, hata ikiwa chungu, mimi nitajua namna ya kuipikia. Ya uongo haimshibishi mtu."

"Nimeelewa, Bibi."

"Jana nilijivunia mjukuu mwerevu. Leo ninajivunia mtu ninayeweza kumpa mkoba wangu nikageuka kukoroga sufuria."

Akaufungua mkoba, akanikabidhi, akatangulia kuvuka barabara.