Folda Iliyokuwa Ikifunguka Upya

Mwenzangu wa chumbani hajui kutunga hata mzaha, kwa hiyo nisikilizeni. Alikwenda maabara ya kompyuta kuokoa picha za mwanafunzi aliyefariki. Chuo kilisema binti aliteleza ngazini, ingawa uso wake ulikuwa na alama za ngumi. Ngazi gani ina ngumi? Mama mtu alitaka picha zile ziseme ukweli kabla fundi wa maabara hajaifuta kompyuta aliyoitumia binti, mchana huo.

Rafiki yangu akaandika programu, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ya kufungua folda moja moja. Kwa haraka akasahau kuiambia iruke nukta, alama iliyomo kwenye orodha ya kila folda, ambayo huirudisha programu kwenye folda ileile. Basi folda ya picha ikawa inafunguka upya bila kikomo.

"Dada, programu yako ina kwikwi," fundi akacheka mlangoni.

Hapo ukuta ukaanza kutoa kishindo kila folda ilipofunguka, kama kichwa kinachobamizwa. Ghafla umeme ukakatika. Chumba hakikuwa na dirisha. Kompyuta ilizimika, lakini vishindo viliendelea, sasa vikiwa na mlio wa mfupa, na sauti ya msichana: "Basi, kaka, sitasema!"

Taa ziliporudi, ukuta ulikuwa safi. Fundi alikuwa palepale mlangoni, akihema, na nywele za kusukwa, zilizolowa damu, zilikuwa zimejisokota vidoleni mwake.