Mkungu wa Popoo na Bwana Harusi wa Posta

Mchumba wangu alikuwa kwenye ngazi za Posta Kuu ya Saigon, kavaa suti nyeupe, kamshika bibi harusi kiuno.

Bibi harusi huyo si mimi...

Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya pikipiki, nimempakia mama yangu mzazi.

Jana yake tu Khai aliniaga kwamba anakwenda Da Nang kikazi. Kumbe Da Nang yenyewe ina shela na mpiga picha!

"Thoa, ndiyo Posta ya kwenye kalenda?" Mama akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Sasa mbona hatushuki?"

Wapendwa, kalenda yenye picha ya hiyo Posta iko ukutani jikoni kwetu Ben Tre tangu nazaliwa, na Mama hajawahi kuiona kwa macho. Mgongo unamsumbua, safari ya basi ni mateso kwake. Ilikuwa siku yake moja ya kuuona mji, na niliapa hakuna wa kumharibia.

Mapajani alikuwa na mkungu wa popoo ndani ya kitambaa chekundu. Khai aliuomba mwenyewe kwa simu.

"Mama, kwetu hakuna mipopoo. Nichagulie mkungu mzuri nije nao kwenye posa. Umwachie mlinzi wa jengo langu jioni."

Kwetu Vietnam, posa bila popoo na tambuu si posa. Mama akakata mkungu bora kuliko yote shambani, na akakataa kabisa kuuacha chumbani kwangu. "Popoo ya posa haiachwi peke yake," akasema.

Khai akaniona. Rangi ikamtoka usoni. Dakika hiyohiyo ujumbe wake ukaingia kwenye simu yangu.

"Usilete fujo. Ondoka, nitakueleza kesho."

Nikamjibu, "Ondoka wewe. Mimi natembeza mama yangu."

Roho iliniuma, sitawadanganya. Ila nilimshika Mama mkono, tukapanda ngazi zilezile, tukapita pembeni ya ile shela. Nikamnunulia kadi ya posta.

Tukaenda Ukumbi wa Opera... nao hao!

Tukanywa kahawa ya barafu, tukaenda kwenye mzunguko wa ziwa... nao hao! Picha za albamu ya harusi hupigwa kabla hata ya posa, na zinapita njia ileile ya watembezi, nani asiyejua?

"Unanifuata?" akaandika.

"Mwenye shela ndiye anayezunguka. Mimi mji huu naishi."

Niseme ukweli, nilitamani kugeuza pikipiki nikajifungie nilie. Lakini nikimbie mji kwa sababu yake? Thubutu.

Jioni tukafika mtoni. Mama akakaa kwenye benchi, mkungu kando yake. Bibi harusi akaja kupumzika palepale, kapandisha gauni, chini kavaa ndala.

"Shikamoo, Mama. Naomba nikae, miguu imekufa."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Akauona mkungu. "Popoo nzuri hizi! Za Ben Tre?"

"Za shambani kwangu."

"Yangu pia inatoka Ben Tre. Posa yetu ni Jumapili, mchumba wangu kaagiza kwa shangazi yake. Inaletwa leo kwa mlinzi wa jengo lake."

Nikamgeukia Mama.

"Mchumba wako nani?" Mama akauliza taratibu.

"Khai. Yule pale."

Mama akamtazama kwa muda. Kisha akaita, "Khai, mwanangu, njoo uchukue mzigo wako."

Akaja kama mtu anayevutwa kamba.

"Khai, ndiye shangazi?" bibi harusi akauliza. "Mbona hukututambulisha?"

"Mimi si shangazi yake," Mama akasema. "Mimi ni mama mkwe wake. Na huyu binti yangu Thoa ndiye mwenye hiyo posa."

"Quyen, nisikilize..." Khai akaanza.

"Popoo zao?" Quyen akamwuliza. "Ulitaka kunichumbia kwa popoo zao?"



Mama akatoa mfukoni kisu kidogo na kijaluba chake cha tambuu na chokaa, akapasua popoo. Akapaka chokaa kwenye tambuu, akampa Quyen, akanipa mimi, akajiwekea mdomoni.

"Tafuneni. Hii haifiki Jumapili."

Quyen akatafuna huku machozi yanamtoka, kisha akamgeukia mpiga picha. "Kaka, mwanga bado upo?"

"Upo kidogo."

"Turudi Posta. Tupige sisi watatu."

Khai akataka kufuata. Dada wa vipodozi, aliyekuja na mpiga picha, akamzuia. "Koti la studio, kaka. Livue."

Picha hiyo sasa imechukua nafasi ya kalenda jikoni: Quyen na shela yake, mimi, Mama katikati, midomo myekundu kwa tambuu, tunacheka kama wendawazimu.

Wakati wa kurudi, Mama kanishika kiuno kwenye pikipiki, akaniambia sikioni,

"Yule kijana nilimtambua tangu asubuhi, pale Posta."

Nilikaribia kugonga mtu. "Na ukanyamaza?"

"Ningesema, ungenirudisha nyumbani unalia. Nami nilikuwa sijauona mto." Akaongeza, "Uhuni wake ningekuachia wewe mwenyewe. Lakini popoo zangu? Hapo alinikosea mimi."

Dada zangu, anayekuharibia asubuhi usimwachie na jioni. Maliza matembezi yako.