Neno la Msye Garo na Visheti vya Mwana Mize

Zama za bunduki za gumegume, majeshi ya Uguni yaliuzingira mji wa Mtangani miezi minne. Walinzi wa ukutani hawakufa njaa kwa sababu moja tu: Mwana Mize binti Kombo na wenzake walikaanga visheti tangu alfajiri, wakavitia shira, wakavipandisha juu kwa masinia. Visheti havichachi upesi. Kila mtu alilijua hilo isipokuwa Jumbe, mtawala wa mji, ambaye siku hizo hakuwaza ila baruti.

Baruti yenyewe ilikuwa ya Msye Garo, nahodha Mfaransa ambaye merikebu yake ilinaswa bandarini na vita. Bwana huyu akafungua duka la vitamu langoni mwa ngome, akaandika juu ya mlango: pâtisserie. Kisha akamwambia Jumbe kwamba kwao, asiyekula kiapo cha chama cha mafundi haruhusiwi kupika wala kuuza vitamu. Jumbe akavipiga marufuku visheti vya wanawake. Haya! Asubuhi moja askari wakaja, wakayamwaga masinia ya Mize mchangani, mbele ya macho yake.

"Mna wazimu nyinyi?" alifoka. "Ndugu zenu wako ukutani na matumbo matupu!"

Sasa, Mtangani palikuwa na desturi: mwanamke aliyedhulumiwa akitandika ukaya wake wa kichwani kizingitini mwa Jumbe, Jumbe hauruki mpaka amsikilize. Ijumaa iliyofuata, adhana ikiita, Mize aliuvua ukaya wake mweusi, akautandika, akaketi kando kichwa wazi. Jumbe akatoka na kilemba chake na jambia kiunoni, akakwama mlangoni.

"Sema, binti Kombo. Sala yanipita."

"Nakushika miguu, Jumbe. Muulize mgeni wako, lile neno lake lina maana gani?"

Msye Garo akaitwa. Bwana Mshangama, Mngazija aliyewahi kutumika katika merikebu za Kifaransa, akatafsiri. Mfaransa alijibu kwa majivuno: ni nyumba ya mafundi wa unga uliokandwa. Asili yake ni neno la kale la donge la unga, ambalo Warumi walilipata kwa Wayunani.

"Donge!" alimaka Mize. "Nimekanda donge tangu sijabaleghe, na bibi yangu kabla yangu. Nani alituapisha? Leteni unga, akande hapa hapa tumwone!"

Unga ukaletwa. Msye Garo akautazama, asiuguse. Ikabidi akiri: mpishi wake alikufa kwa homa baharini. Vya dukani vilikandwa na wanawake wawili wa Mtangani aliowafungia uani.

"Aibu!" watu wakapiga kelele.

"Lakini baruti ni yake, Mize," Jumbe alisema kwa sauti ya chini.

"Basi wapelekee walinzi wako baruti waitafune!"

Jumbe akainama, akauokota ukaya kwa mikono yake mwenyewe, akampa. Amri ikafutwa pale pale, na wale wawili wakafunguliwa. Jioni masinia yakapanda ukutani. Baada ya siku ishirini, watu wa Uguni wakang'oa mahema wakaenda zao.

Waliokuja kuandika tarikhi ya mji ule wamemjazia Msye Garo kurasa mbili nzima: neno lake limetoka wapi, lina maana gani, aliliandika kwa wino upi. Inaudhi, wallahi! Binti Kombo, aliyelisha ukuta mzima, hayumo hata kwa jina.