Kilomita za Kisilu

Kwetu Gatuanyaga, asubuhi huanza kwa jina moja.

"Kisilu!" Mama huita akiwa zizini anakamua. Mara ya pili huita akipita na ndoo ya maziwa. Mara ya tatu haiti. Anavua kiatu kimoja na kupiga nacho mlango wa chumba cha kaka yangu. Ndipo Kisilu, mwanamume mzima wa miaka ishirini na moja, mwenye urefu wa futi sita na inchi tano, anajibu akiwa ndani ya blanketi, "Nimeamka, Mama." Hajaamka. Mimi ninayechemsha chai upande wa pili wa ukuta namsikia akikoroma tena kabla Mama hajavaa kiatu chake.

Naitwa Nzisa. Niko Gredi ya Nane. Nasema mapema kwamba kisa hiki kinanikasirisha hadi leo, na nusu ya hasira yenyewe ni juu yangu mimi.

Kisilu huchezea timu ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja cha ufundi mjini Thika. Wacha niseme haki yake: anaujua mpira. Anaweza kuurusha huku akiongea na mtu mwingine, na ukaingia. Watu hutoka Kamenu na mitaa mingine kuja kumtazama, na yeye akifunga huwapungia mkono kama bwana harusi. Pasta amesema ni kipaji kutoka kwa Mungu. Walimu wamesema hivyohivyo. Shida ni kwamba Kisilu aliwaamini kabisa, akamwachia Mungu kazi yote.

Mwezi wa kwanza, kocha wao, Bi Waruguru, aliwaletea habari kubwa. Klabu moja ya Ruiru inayolipa wachezaji wake mshahara ilitaka kumchukua mchezaji mmoja kutoka chuoni mwao. Mmoja tu. Wangejaribiwa baada ya wiki kumi na moja. Mama aliposikia, aliketi chini na kushika mgongo wake. Huo mgongo umemuuma miaka mitatu, lakini bado anakwenda kibarua cha kuchuma kahawa.

"Ukichukuliwa, Kisilu," alisema, "mimi na kahawa tumeachana."

"Hesabu imekwisha, Mama," Kisilu akajibu. "Nani mwingine watamchukua? Gerishon?" Akacheka. Gerishon ni mchezaji mwenzake, mfupi, na mpira wake huzunguka kwenye chuma cha kikapu mara tatu kabla haujaamua kutoka nje.

Kocha Waruguru alitaka kila mchezaji akimbie kilomita tano kila asubuhi, simu ikiwa mfukoni. Ndani ya simu kuna programu inayorekodi umbali, muda na njia uliyopita, kisha rekodi hiyo inatumwa kwenye kundi la WhatsApp la timu ili kila mtu aione. Kocha alidhani amewaweza. Hakumjua kaka yangu.

Siku ya kwanza kabisa, Kisilu alitoa mkono nje ya blanketi. Mkononi alikuwa na simu.

"Nzisa, sasa? Si wewe hupenda kukimbia?"

"Napenda. Kwani?"

"Weka hii mfukoni. Kimbia mpaka kwenye lami, urudi. Jumamosi nitakununulia chipsi."

"Lakini kocha alisema ukimbie wewe."

"Ai, Nzisa! Kukimbia ni kwa watu wafupi. Mimi nikinyoosha mkono nimefika. Au hutaki Mama aache kibarua?"

Hapo ndipo aliponiweza. Nilimwona Mama akifunga kitambaa kiunoni kabla ya kwenda shambani, nikaichukua simu. Nilijiambia kwamba namsaidia Kisilu kufika Ruiru, na Kisilu akifika Ruiru, Mama atapumzika. Nilikuwa mjinga, lakini mjinga mwenye nia nzuri.

Basi nikakimbia. Wiki ya kwanza nilirudi nikihema, miguu imejaa vumbi, nikamkuta kaka yangu amegeukia ukutani. Wiki ya tatu sikuhema tena. Wiki ya tano kocha aliandika kwenye kundi, "Kisilu anaongoza timu nzima. Dakika thelathini na moja. Mwigeni!" Kisilu alinisomea ujumbe huo huku akinywa chai yangu na kula mkate wangu. Haki ya Mungu, nilifurahi. Nilikwenda shuleni nikitembea kwa maringo, mimi niliyewashinda wanaume wa chuo, na hakuna hata mtu mmoja ambaye ningeweza kumwambia.

Mara mbili nilijaribu kumwamsha. "Kisilu, leo twende pamoja. Kilomita moja tu."

"Kesho," alisema.

Siku iliyofuata nilipomkumbusha, aliniuliza kwa nini nina makelele hivyo asubuhi yote. Nilitamani kummwagia maji. Sijui kwa nini sikummwagia.

Jumamosi ya majaribio tukawa Ruiru, katika uwanja ulio katikati ya nyumba za Gatongora. Mama alivaa gauni la kanisani. Tuliketi karibu kabisa na benchi la timu, kwa hiyo kila neno lililosemwa pale tulilisikia.

Vijana wa chuo wangecheza mechi na vijana wa klabu, na kocha wa klabu, Bwana Njau, mzee mwembamba mwenye taulo begani, ndiye angechagua. Kocha Waruguru alimpa karatasi yenye rekodi za mbio. Njau aliisoma polepole, akainua kichwa.

"Huyu Kisilu hajakosa hata siku moja kwa wiki kumi na moja?"

"Hata moja," alisema Kocha Waruguru, uso umemeremeta kwa fahari.

"Basi yeye simpumzishi. Wengine nitawabadilisha, lakini huyu atacheza dakika zote arobaini. Na yule kijana wetu mwenye kasi, amkabe yeye, uwanja mzima. Wewe Kisilu, utaweza?"

Nilimkodolea Kisilu macho. Sema, nilimwomba kimoyomoyo. Sema tu kwamba hujakimbia. Bado kuna nafasi.

"Nitaweza, mzee," alisema Kisilu, akainama kufunga kamba za viatu.

Robo ya kwanza ilikuwa tamu. Kisilu alifunga kwa mkono wa kulia, akafunga kwa wa kushoto, akafunga mara moja akiwa amewapa kikapu mgongo. Watu waliokuwa wakianika nguo kwenye maghorofa waliacha nguo wakaja kushangilia. Mama alinifinya paja kwa furaha mpaka nikapiga kelele.

Robo ya pili alianza kushika kiuno. Kila mpira ukitoka nje alitembea kuufuata kama mtu aliyetumwa dukani bila kupenda. Yule kijana mwenye kasi alimpita mara nne. Gerishon, ambaye alikuwa amekosa mitupo mitatu, alikimbia kuziba pengo la Kisilu, akarudi kulinda pengo lake mwenyewe, na bado alikuwa anaita wenzake kwa sauti.

Robo ya tatu hakuimaliza. Kisilu alisimama karibu na nguzo ya kikapu, akayumba, akapiga magoti, akatapika, kisha akalala chali.

"Woi! Mwanangu!" Mama aliruka ukuta mdogo wa uwanja akiwa na gauni na mgongo wake mbovu. Nami nikamfuata.

Kocha Waruguru alikuwa amemshika Kisilu mkono, akihesabu mapigo. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Ngai, haya mapigo ni ya kasi mno. Mama Kisilu, katika familia yenu kuna mtu aliyeugua moyo?"

"Baba yangu," Mama alisema, sauti ikikatika. "Alianguka shambani hivihivi. Hakuamka."

"Mtu anayekimbia kama huyu kila siku haanguki namna hii bila sababu," kocha alimwambia Njau. "Mpe nafasi nyingine tukijua ana shida gani. Huyu hatagusa mpira tena mpaka apimwe moyo."

Mama alianza kulia kwa sauti. Na hapo, jamani, mkisikia alichofanya kaka yangu mtanielewa. Alifungua jicho moja, akatutazama, akalifunga tena, akasema kwa sauti ya mgonjwa, "Ni kweli, kocha. Nimekuwa nikisikia uchungu hapa kifuani."

Sikuvumilia.

"Mwongo!" nilipiga kelele. "Haumwi popote! Kocha, huyu hajakimbia hata siku moja. Amelala wiki zote kumi na moja! Niliyekimbia ni mimi!"

"Nzisa, nyamaza," alisema Kisilu, na sauti yake ikapona papo hapo.

Kocha Waruguru alitutazama sisi wawili. Kisha akatoa simu yake na kufungua rekodi. "Kisilu, nimekuwa nikitaka kukuuliza. Kila Jumatano unasimama dakika nne mahali pamoja. Pale ni wapi?"

Kisilu alijiinua kwa kiwiko. "Pale... nafunga kamba za viatu."

"Dakika nne?"

"Ni kamba ndefu, kocha."

"Nzisa, pale ni wapi?"

"Ni kwa kina Ciku, rafiki yangu," nilisema. "Mama yake hupika mandazi Jumatano. Ciku hunipa moja, tunapiga hadithi kidogo."

Gerishon aliangua kicheko, wengine wakafuata. Kocha hakucheka. Mama pia hakucheka. Alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake, akamtazama Kisilu.

"Nimekulilia kama maiti," alisema. "Nilikuwa tayari nimekuona kaburini, karibu na baba yangu. Na wewe uliniona nikilia, ukaendelea kulala hapo."

Kisilu aliinamisha kichwa.

Kocha Waruguru hakutaka kubahatisha. Alimpeleka kwenye zahanati ya jirani, na muuguzi akampima moyo na presha. Alisema kijana ni mzima, amechoka tu kwa sababu mwili wake haujazoea kazi. Anywe maji, akae kivulini. Tuliporudi uwanjani mechi ilikuwa imeisha, na Bwana Njau alikuwa akimwandikisha Gerishon.

Kisilu alimwendea. "Mzee, lakini si uliona ninavyorusha?"

"Niliona," alisema Njau. "Kwa dakika kumi sijaona kijana mwenye kipaji kukushinda. Lakini hapa mchezo ni dakika arobaini, na mshahara ni wa msimu mzima. Huyu Gerishon nitamfundisha kurusha. Wewe nani atakufundisha kuamka? Mwezi wa nane tutajaribu wengine. Ukitaka kuja, njoo na miguu yako mwenyewe."

Kocha Waruguru alituketisha kwenye benchi, Kisilu upande mmoja na mimi upande wa pili. Nilidhani mimi nitasifiwa kwa kusema kweli.

"Kisilu, wewe unajijua," alianza. "Umemdanganya mama yako, umenidanganya mimi, na nafasi uliyokuwa nayo mkononi umeilalia. Kipaji hukukitafuta, ulizaliwa nacho, kwa hiyo acha kujivunia hicho. Jivunie utakachokifanya nacho." Kisha akanigeukia. "Na wewe, Nzisa. Ulidhani unamsaidia?"

"Ndiyo, kocha. Nilitaka Mama apumzike."

"Kila asubuhi uliyokimbia wewe, miguu yake ilizidi kulegea na yako ikakomaa. Ulimnyang'anya mazoezi yake yote, na mimi ukanipa rekodi iliyonifanya nimtume acheze mpaka aanguke. Angeweza kuumia vibaya leo. Umesema kweli, na nakushukuru kwa hilo. Lakini umeisema baada ya wiki kumi na moja. Mtu akikuomba umfanyie kazi ambayo ni ya kumjenga yeye, kumkatalia ndiko kumpenda."

Nililia. Nililia kwa sababu ilikuwa kweli, na kwa sababu nilimwona Mama akijaribu kunyoosha mgongo wake kabla ya kuinuka.

Jumatatu Mama alikwenda kibarua kama kawaida. Lakini kabla hajaita jina la mtu yeyote, mlango wa chumba cha Kisilu ulifunguka. Alitoka macho yakiwa mekundu, akavaa viatu bila kutusalimia, akaondoka. Nilikunywa chai yangu yote na mkate wangu wote, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Aliporudi alikuwa amelowa jasho, anachechemea, na amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

Alituma rekodi kwenye kundi mwenyewe. Kilomita tano, dakika hamsini na mbili. Alikuwa wa mwisho katika timu nzima, na mbali sana.

Jibu la kocha lilikuja tukiwa bado tumesimama uani. Kisilu alilisoma, kisha akanigeuzia simu ili nami nisome.

"Dakika hamsini na mbili ni aibu, Kisilu," kocha alikuwa ameandika. "Lakini hizi ni zako. Kesho tena."