Kazi Aliyopaswa Kuikataa

Ildefonsa wa kijiji cha Murusagamba hakumpenda mtu mvivu. Ukungu ukiwa bado bondeni, yeye alishafika shambani kupalilia maharage. Watoto wake, Audax na Zita, walijua kushika jembe kabla ya kalamu. Jirani akiomba msaada wa kuvuna mihogo, hawakukataa. Ildefonsa alijisifu kwa hilo mpaka watu wakachoka kumsikia.

Audax alipata nafasi ya chuo kikuu Ulaya. Baada ya vipindi alikuwa akiosha vyombo mgahawani. Siku moja alimpigia mama yake simu.

"Mama, hapa nafanya kazi saa chache tu. Zikiisha naacha."

Ildefonsa alicheka. "Saa chache? Huku tunalima mpaka mgongo unakataa kunyooka. Ulaya imekufundisha uvivu, mwanangu?"

Alikuwa anatania. Lakini Audax utani ule ulimchoma, na hakueleza zaidi. Akatafuta kazi ya pili, ya kupanga mizigo ghalani. Mama aliposikia, alifurahi sana.

"Sasa huyo ndiye Audax wangu," alisema.

Kabla hajamaliza chuo, Audax alirudi nyumbani. Begi moja, shahada hakuna.

"Nimefutiwa kibali, mama," alisema, akaingia ndani.

Ildefonsa alihangaika. Kwani ameiba? Amepigana na mtu? Akaenda kwa jirani yake, Mwalimu Felisita, ambaye alishawahi kusoma nje.

"Mwalimu, mwanangu amekosa nini huko?"

"Amefanya kazi kupita kiasi, Mama Audax."

"Hilo nalo ni kosa?"

"Kwa mwanafunzi mgeni, ndiyo. Kibali chake ni cha kusoma. Nchi nyingi humruhusu afanye kazi saa kadhaa tu kwa wiki. Nyingine hazimruhusu kabisa. Akiwa na kazi mbili, saa zote zinajumlishwa."

"Sasa mtoto wa mkulima atajuaje hayo?"

"Asome kibali chake. Aulize chuoni kabla ya kuanza kazi, maana vyuo vingi vina ofisi ya wanafunzi wageni. Wakati wa likizo masharti huweza kubadilika, aulize tena. Na tajiri akimwambia, 'Njoo tu, nitakulipa mkononi,' akatae. Mambo yakiharibika, anayepandishwa ndege si tajiri."

Felisita akaongeza: "Lakini Audax sheria aliijua, mama. Jana aliniambia. Aliogopa utamwona mvivu."

Ildefonsa aliinuka kurudi nyumbani. Alikumbuka alivyocheka kwenye simu, na moyo ulimuuma. Njia nzima alilia.

Alimkuta Audax ameketi jikoni.

"Nisamehe, mwanangu. Mimi ndiye niliyekusukuma kwenye ile kazi."

"Nilijua sheria, mama. Ningekuambia ukweli tu."

"Ungeniambia, nami ningekusikiliza?"

Audax aliinamisha kichwa. Wote wawili walijua jibu.

Baadaye Zita naye alipata chuo nje. Safari hii hawakuchukulia mambo kienyeji. Audax alikaa na dada yake, wakasoma masharti ya kibali mstari kwa mstari. Wasichokielewa wakaandikia chuo kuuliza, na chuo kikajibu.

Asubuhi moja Ildefonsa na Audax walikuwa shambani. Simu ikaita, Ildefonsa akaiweka kwenye spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Zita. Uko kazini?"

"Hapana. Saa zangu za wiki hii zimeisha. Bosi ameniomba niongeze, nimekataa."

Maneno ya zamani yalimjia Ildefonsa mdomoni. Akayameza.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Pumzika, kisha usome."

"Asante, mama. Mtihani wa kwanza nimefaulu."

Hatua chache kutoka hapo, Audax alikuwa ameacha kulima. Alisikia kila neno, akamtabasamia mama yake, kisha akainamia maharage. Ildefonsa alimtazama mgongo. Alitamani maneno aliyomwambia Zita angekuwa amemwambia Audax kwanza.